Swali la Kuuliza Koridoni

"Kaa chini." Jaji aliniambia hivyo kwa Kiingereza chake laini, kwa sauti ya mtu anayemteremsha paka mezani. Sikukaa. Nilikuwa nimesimama katikati ya ukumbi wa mahakama na joho langu jeusi, maziwa yananivuja kifuani kwa sababu nilikatizwa nikiwa nayakamua, na nikamjibu kitu ambacho mhudumu wa mahakama hamjibu jaji hata ndotoni.

"Mheshimiwa, wewe unajua. Muulize kama ana udhu."

Mkalimani, ambaye siku hiyo alikuwa sauti tu inayotoka kwenye simu ya mezani, akauliza, "Samahani, nani huyo anazungumza? Nitafsiri na hilo?" Jaji alinitazama, nami nikaona usoni mwake kwamba amenielewa, na neno la Kiswahili nililolitia katikati ya Kiingereza changu amelielewa vilevile. Halafu akarudisha macho kwenye karatasi zake akasema nitoke nje.

Nikatoka. Miaka yote ile ya kuwafungulia watu mlango, siku hiyo nikajifungulia mwenyewe.

Basi nimestaafu. Watu wanacheka nikisema hivyo, maana nina miaka thelathini na nne na kitinda mimba wangu bado ananyonya. Lakini kazi nimeiacha na sirudi, kwa hiyo nami nina haki ya kukaa nikaandika kama wazee wanavyoandika. Nawaandikia nyinyi wadogo zangu, watoto wa Unguja na Pemba na Mombasa na Kongo, mnaoanza kuajiriwa katika mahakama za London, wengine kwa uhudumu, wengine kwa ukalimani. Mshahara siuzungumzii, mtauona wenyewe na mtasikitika wenyewe. Majina ya watu nimeyabadilisha na mahakama siitaji, kwa kuwa kesi za watoto hazitangazwi. Mie sina chuo. Nimesoma mpaka kidato cha nne, Unguja, nikaja huku kuolewa. Mkiona nimesema kwa ukali, ndivyo nisemavyo nyumbani pia, muulizeni mume wangu.

Siku yangu ya kwanza nilitoka nyumbani kwetu Hayes alfajiri nikafika mapema mno, mlango bado umefungwa. Nilipoingia nikapewa joho la mtu aliyekuwa mrefu kunishinda kwa kichwa na shingo. Nikalivaa, nikalikanyaga, nikashika ukuta. Nyuma yangu mtu akasema, "Usilivute, litachanika. Ngoja nikutie pini."

Kwa Kiswahili! Nikageuka nikaona mzee wa Kihindi, mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, mdomoni ana pini mbili. Akasoma jina kwenye beji yangu.

"Mwanaidi. Wa mjini au wa shamba?"

"Mjini. Na wewe?"

"Mie mtu wa Wete. Baba akiuza vitambaa pale. Baada ya Mapinduzi akafunga duka, tukenda Mombasa, kisha huku. Nimezaliwa Wete, nimekulia Mombasa, nitakufa Neasden. Nina miji mitatu, na hapana hata mmoja ulioniuliza nimekwenda wapi."

Huyo ndiye Mzee Jayanti, na kila ninachokijua cha kazi ile nimekipata kwake. Ofisi ilinipa mafunzo ya kompyuta na ya kutoroka moto.

Alinionyesha vifaa kwanza. Pini, kwa ajili ya majoho na vifungo vya mashahidi vinavyokatika kwa hofu. Karatasi laini za kufutia machozi, lakini usimpe mtu boksi zima, mpe moja mkononi, maana boksi likiwekwa mbele yake ataona unamtarajia alie. Maji ya uvuguvugu, si ya baridi, maana ya baridi yanamkaba mwenye wasiwasi. Na sauti. Sauti yako ukiita majina isiwe ya mwalimu wa zamu. "Watu hawa wameshatukanwa na barua," alisema. "Wewe waite kama unawakaribisha."

Kisha akafungua kabati la vitabu. Mnajua, shahidi kabla ya kusema lolote anaapa, na kila mmoja anaapa kwa kitabu chake: Biblia, msahafu, Gita ya Wahindu, Torati. Asiyetaka kuapa kwa kitabu anasoma kadi ya kuthibitisha kwamba atasema kweli, bila kumtaja Mungu. Kuwashikisha watu vitabu hivyo ni kazi ya mhudumu. Nilitarajia kukuta vitabu vimerundikwa. Nikakuta kila kimoja kimefungwa kitambaa chake, kimepindwa kwa mkono, mishono midogo kama ya kofia. Mwana wa muuza vitambaa alivipinda mwenyewe. Msahafu ulikuwa ndani ya bafta nyeupe, rafu ya juu kabisa, na Mzee Jayanti, ambaye kila Jumapili yuko hekaluni akipanga viatu vya waumini, hakuugusa kabla ya kunawa mikono.

"Sasa sikiliza," akasema. "Wengine watakwambia kazi yetu iko ukumbini. Uongo. Iko koridoni. Ukumbini mambo yameshaharibika."

Somo lenyewe ndilo hili, na nyinyi lishikeni kuliko yote niliyoandika. Shahidi anaulizwa habari ya kiapo koridoni, kabla hajaingia. Akiwa mwanamke, anaulizwa peke yake. Si mbele ya mume, si mbele ya kaka, si mbele ya shemeji. Na akiwa Muislamu humuulizi utaapa kwa nini. Unamuuliza kwa sauti ya chini, "Una udhu?" Akisema ninao, mwekee msahafu. Akisema sina, basi, usiulize kwa nini, siyo kazi yako. Waislamu mnajua, na wasio Waislamu nawaeleza: mwanamke akiwa katika hedhi, au katika damu ya uzazi, hana udhu, na hashiki msahafu. Wala halitangazi jambo hilo mbele za watu, afadhali afe. Kwa hiyo wewe mhudumu unamwendea jaji mapema, unamwambia shahidi huyu ataapa bila kushika; unamwekea wewe mwenyewe kitabu mbele yake ndani ya kitambaa, yeye anaapa mikono yake iko chini. Jaji anaitikia kwa kichwa. Nusu dakika, kwisha.

Nikamuuliza, "Mzee, wewe Mhindu, nani kakufundisha kuwauliza wanawake wa Kiislamu udhu?"

"Jirani yetu Wete, Bi Time. Siku asizokuwa na udhu alikuwa akituma watoto kumteremshia msahafu ukutani. Siku moja hakuna mtoto wake hata mmoja, akaniita mie. Akasema, wewe Jayanti huna udhu, lakini una mikono misafi, kaoshe tena. Nilipoufungua mbele yake akashukuru mpaka nikaona haya."

Kesi ngumu nimeziona nyingi. Baba aliyekuja kudai watoto akajikuta hakumbuki mwaka aliozaliwa yeyote kati yao, akawa ananitazama mie eti nimnong'oneze. Bibi wa Kikongo aliyegoma kuketi mpaka jaji apate chai, kwa sababu kwao mgeni hashtakiwi na mwenyeji mwenye njaa. Alipelekewa kweli, na mambo yakaenda vizuri kuliko siku nyingi. Nimeshika watoto wachanga wa mashahidi mkono mmoja, faili mkono mwingine. Nimetapikiwa joho.

Lakini niliyetaka kumwandika ni mmoja. Mimi na Mzee Jayanti mawakili wote tuliwapa majina ya Kiswahili ili tuwasengenye kwa raha. Kulikuwa na Bwana Kikohozi, na Mama Huruma ambaye hakuwa nayo, na Bwana Soksi. Bwana Soksi alivaa suti nyeusi kama wenzake lakini chini soksi nyekundu, nyekundu ya pilipili. Alikuwa wakili wa kesi za familia, mrefu, mwenye haya, na ndiye pekee aliyetusalimia kwa majina. Akija asubuhi anauliza, "Mwanaidi, mtoto amelala?" Nilikuwa nimezaa wa kwanza wakati huo. Wengine waliniuliza chumba namba ngapi.

Siku moja alikuwa na mteja wake, Bi Rukia, mama wa Kimombasa akaaye Ilford. Bi Rukia alikataa kitabu pale pale koridoni, akakunja mikono kwapani. Bwana Soksi akanijia mbio, uso umemwiva kama soksi zake.

"Hataki kuapa. Upande wa pili wakiona hivi watasema ni mwongo. Nimekwisha."

"Hujesha," nikamwambia. "Kaa hapo." Nikamvuta Bi Rukia pembeni, nikamuuliza. Akanitazama, akapumua kama aliyetua mzigo. "Sina, mwanangu. Na yule wakili wangu mwanamume, nimwambieje?"

Nikarudi nikamweleza wakili, kifupi. Alifahamu mara moja, wala hakucheka. Akaniuliza lile neno linatamkwaje. Akalirudia huku akizungukazunguka, "Udhu, udhu," kama mtoto wa chuoni. Mzee Jayanti akapita akasema, "Mfundishe na alifu kabisa, atatuolea binti."

Walipoingia ndani, wakili wa upande wa pili aliruka kweli, akasema mama huyu anakiogopa kitabu chake mwenyewe. Bwana Soksi akasimama. Hakusema kwa nini; alisema tu kwamba mteja wake ana sababu ya heshima ambayo mhudumu anaifahamu, na haitasemwa mbele ya watu. Kisha akaongeza maneno ambayo niliyabeba moyoni nikayarudia kwa mume wangu jikoni, nikayarudia kwa dada yangu kwenye simu: "Mwongo angekidaka kitabu hiki. Anayeogopa kukigusa ndiye anayekiamini." Jaji wa siku hiyo, mama mzee, akaitikia kwa kichwa. Bi Rukia akaapa mikono chini, kitabu nimekishika mie. Watoto wake alibaki nao.

Tangu hapo Bwana Soksi akawa mtu wetu. Akifika na mteja wa Kiislamu ananitafuta, ananong'ona, "Mwanaidi, muulize udhu." Nilijivuna naye. Nasema kweli, nilijivuna naye kama niliyemlea.

Huku mtu hasomei ujaji. Anakuwa wakili miaka na miaka, kisha anaketi kama jaji wa muda, wiki chache kwa mwaka, ili watu wamwone anavyohukumu, kisha anaomba, anapigwa maswali, na akikubaliwa ndipo anaapishwa wa kudumu. Bwana Soksi alipita huko kote. Alipokuwa jaji wa muda alikuwa bado anachungulia koridoni kabla ya kuanza, kuona nani amekaa vipi. Siku alipoletewa habari ya kuteuliwa alitushukia sisi wahudumu kwanza, na biskuti.

Sherehe ya kuapishwa ilikuwa fupi. Mkewe, watoto wake wawili, majaji wakubwa wenye mawigi, na sisi nyuma. Aliomba kitabu nimshikie mie. Wakubwa wakatazamana, lakini siku yake ilikuwa yake. Nikasimama mbele yake na Biblia, naye akaapa kwamba atawatendea haki watu wa kila namna, kwa kufuata sheria na desturi, bila woga wala upendeleo, bila mapenzi wala chuki. Alilitamka kila neno polepole, nikaona huyu anamaanisha. Baadaye akanijia na glasi ya juisi, akaniinamia sikioni, akasema kwa Kiswahili chake kilichopinda, "Mimi nina udhu." Tukacheka mimi na yeye na Mzee Jayanti mpaka watu wakageuka. Kicheko hicho ndicho kinachoniuma sasa kuliko yote.

Mzee Jayanti alistaafu mwaka uliofuata. Siku ya mwisho alinipa sindano yake na kipande cha bafta nyeupe, kwa ajili ya msahafu utakapohitaji nguo mpya. Hakutoa hotuba. Alisema, "Koridoni, Mwanaidi," akaenda kupanda basi.

Jaji hakubadilika kwa siku moja, na sitamsingizia. Si mla rushwa, si mbaguzi, hajanitukana. Ni kwamba jaji ana mlango wake mwenyewe, nyuma, na mtu mwenye mlango wake haoni tena korido. Mara ya kwanza alipoacha kuchungulia nikasema amechelewa. Kesi zilikuwa zinarundikana kweli, na yeye akapata sifa ya kuzimaliza. Akawa anaanza mapema. Akawa anasema "mhudumu" badala ya Mwanaidi, kwanza mbele za watu, kisha hata tukiwa wawili. Siku moja nikapeleka karatasi mezani kwake nikatupa jicho chini: soksi nyeusi. Nikampigia Mzee Jayanti kumwambia. Akasema labda zile nyekundu zimefuliwa.

Halafu nikazaa tena, nikarudi kazini kabla sijawa tayari, kwa sababu nyumba ya London haimsubiri mtu apone. Nilipewa chumba cha kukamulia maziwa: stoo ya karatasi, kiti kimoja, mlango usio na kitasa. Tulikubaliana, mimi na ofisi na Jaji mwenyewe, kwamba mapumziko yangu yataheshimiwa. Hakuna kesi itakayoanza mpaka nirudi.

Siku ile mama aliyekuwa anangojwa nitamwita Salma. Binti wa Kipemba, mdogo kwangu. Mumewe, Hamadi, alimwacha akiwa na mimba, na sasa alitaka binti yao mkubwa, wa miaka sita, aende kukaa Ilford, kwake na kwa bibi yake mzaa baba. Salma hakuwa na wakili. Alikuwa amejifungua mwezi haujatimia. Kwetu mzazi wa namna hiyo yuko ndani, anakandwa, anapikiwa uji wa pilipili manga, haulizwi hata chumvi iko wapi. Yeye alikuwa koridoni kwenye kiti cha plastiki, kichanga kimeshikwa na dada yake, na hakujua kwamba angeweza kuomba tarehe nyingine. Nilimwona, nikamsalimia, nikamwambia, "Ngoja mdogo wangu, nakuja kukuuliza jambo moja kabla hujaingia." Nikaenda stoo kukamua haraka.

Hawakunisubiri. Jaji aliona nafasi, akataka kuanza. Wakamchukua dada mmoja aliyeletwa na wakala wa vibarua, mgeni wa siku hiyo, na sina la kumlaumu, hakuna aliyemfundisha. Akaufungua msahafu kwenye kitambaa chake, akauweka juu ya kizimba cha shahidi, mtupu. Kisha akaja kunigongea mlango: "Shahidi amekataa kitabu. Sijui nifanye nini."

Nilipoingia Salma amesimama, mikono nyuma. Hamadi amekaa, na kaka yake Hamadi kando yake. Simu mezani, sauti ya mkalimani mwanamume.

"Sikatai kuapa," Salma alikuwa anasema. "Nakataa kushika."

Mkalimani akatafsiri, vizuri tu. Jaji akauliza, "Kwa sababu gani?"

"Sababu ninayo. Siisemi hapa."

"Basi unaweza kuthibitisha bila kitabu, kama wasio na dini wanavyofanya."

"Mie Muislamu. Kwa nini nisimame mbele ya watu kama nisiye na Mungu?"

Kaka yake Hamadi akacheka puani. "Ana lake huyo," akasema kwa Kiswahili, kwa nguvu ya kutosha.

Jaji akaandika kitu. Akasema, taratibu, kwamba shahidi amekataa njia zote mbili na hakutoa sababu. Hapo nikasogea mbele nifungue mdomo, akaniambia nikae chini, na mengine mmeshayasoma.

Baada ya kunitoa walimwambia asome kadi. Aliisoma huku analia. Mchana Jaji akatoa uamuzi. Sikuwamo, lakini Salma alipewa maandishi na akaniomba nimsomee. Kati ya sababu zake, Jaji alisema mama huyu alisita kuapa kwa kitabu cha dini yake bila kueleza kwa nini, na kwa hiyo pale maneno yake yanapogongana na ya baba, yeye anaamini ya baba. Mtoto aende Ilford. Mama amwone Jumamosi.

Salma alinitazama nikimaliza. "Dada, ningesema nini? Kwamba natoka damu? Mbele ya Hamadi? Mbele ya shemeji? Na yule bwana wa kwenye simu sijui yuko wapi, labda na mkewe anasikiliza?"

Mtoto alichukuliwa Ijumaa. Salma alinisimulia kwamba mtoto alijipangia begi la shule mwenyewe, kisha akauliza kwa Kiingereza chao hiki kama mdogo wake naye anakuja. Alipoambiwa hapana, akatoa dubu wake wa kuchezea kwenye begi akamwachia.

Jaji aliniita chumbani kwake asubuhi iliyofuata ile kesi. Alikuwa mwenyewe. Akaniambia niketi, nikasema nimezoea kusimama.

"Mwanaidi," akasema. Jina langu limerudi. "Umeniweka pabaya jana."

"Na yeye umemweka wapi?"

"Mhudumu hawezi kuzungumza katika kesi. Unalijua hilo."

"Nalijua. Nami nakuuliza moja. Ulijua?"

Akavua miwani akaifuta na tai. "Nilihisi."

"Ulihisi au ulijua? Mama ana kichanga cha wiki tatu koridoni. Neno lenyewe nimekufundisha mimi."

Akairudisha miwani machoni. "Nilijua," akasema. "Lakini jaji hamtafutii shahidi sababu yake. Kama anayo, aiseme."

"Mbele ya shemeji yake?"

"Kulikuwa na kesi tatu zinasubiri."

Hilo ndilo jibu nililopewa. Nilivua joho, nikalikunja vizuri, pini zake zote nikazichomeka kwenye kola zisimchome atakayelirithi, nikaliweka juu ya kiti alichoniambia niketi. Akaniita nikiwa mlangoni. Sikugeuka. Nikanawa, nikapitia ukumbini, nikaufunga msahafu kwenye bafta yake, nikaurudisha juu kabatini. Ulikuwa bado kizimbani tangu jana, na juu yake mtu ameweka kikombe.

Nyumbani binti yangu aliniuliza kama nimefukuzwa. Nikamwambia nimestaafu. Akasema bibi wa rafiki yake naye amestaafu, anafuga kasuku.

Malalamiko juu ya Jaji, niliyoyaandika kwanza, yalijaa hasira ukurasa baada ya ukurasa. Nikayapeleka Neasden, Mzee Jayanti akayasoma jikoni kwake, kalamu mkononi, chai ya tangawizi inapoa.

"Hili toa."

"Lipi?"

"Hili la mjinga."

"Lakini ni mjinga!"

"Si mjinga, Mwanaidi. Angekuwa mjinga tungemsamehe." Akavua miwani, ikaning'inia. "Nami nilimpenda yule kijana. Usiandike tunavyomchukia, kwa sababu hatumchukii. Andika alichojua."

Ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya majaji haibadilishi hukumu. Hilo niliambiwa mapema. Wanaangalia mwenendo tu. Lakini Salma amepata wakili wa kituo cha msaada wa sheria, na wakili amesema rufaa inataka mtu wa kueleza kilichotokea pale, na aliyemsikia Jaji akikiri ni mimi peke yangu. Kwa hiyo nikafupisha. Nikaandika kwa Kiingereza, na hapa nawawekea kwa lugha yetu, neno kwa neno kama nilivyotuma:

"Nilikuwa mhudumu wa mahakama katika ukumbi wa Jaji ninayemlalamikia. Silalamiki kwamba alikosea sheria, sheria siijui. Nalalamika kwamba alianza kesi bila kunisubiri, ingawa alikubali kunisubiri nikikamua maziwa ya mwanangu. Nalalamika kwamba mama aliyetoka kuzaa aliulizwa mbele ya wanaume swali ambalo huulizwa koridoni, na aliponyamaza kwa heshima, kimya chake kikahesabiwa uongo, na mtoto wake akachukuliwa.

"Jaji hakuwa mgeni wa jambo hili. Alipokuwa wakili alilitetea mwenyewe, nikiwepo, kwa maneno haya: mwongo angekidaka kitabu hiki. Asubuhi ya baada ya kesi alikiri kwangu chumbani kwake kwamba alijua kwa nini mama huyu hakushika. Naomba aulizwe swali moja tu, kama alijua au hakujua, na jibu lake lipelekwe kwenye rufaa ya mama huyu.

"Siku Jaji huyu alipoapishwa, kitabu nilimshikia mimi. Akikana niliyoyaandika, niiteni nami niape. Siku hiyo nitakuja na udhu wangu, na kitabu nitakishika kwa mikono miwili."